Treni Isiyofika Kakonko

Treni ya kwanza niliyoiona Mtendeli ilikuwa na usukani. Kichwa chake kilikuwa kopo la mafuta ya kula ya mgao, mabehewa yake matatu yalikuwa makopo ya samaki, na nyuma ya kichwa ulichomoza waya mrefu wenye duara mwishoni, kama ule wa malori ya waya yanayokimbizwa na watoto wote wa huku kwetu. Mwenye treni, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili akiikimbiza kwenye vumbi jekundu pembeni ya soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji. Alipokata kona kichwa kilipita, behewa la kwanza likapita, la pili likayumba, la tatu likalala chali. Akalisimamisha. Kona iliyofuata likalala tena.

Nilicheka. "Treni haina steringi," nikamwambia.

Akanitazama, akaitazama treni yake. "Sasa inakataje kona?"

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na siku ile sikuwa na jibu. Nilijua kwamba reli ndiyo inayoiongoza treni, lakini hilo ni jibu la kumnyamazisha mtoto. Gurudumu la chuma juu ya chuma, kwa nini lisiteleze likaenda zake porini? Babu yangu, aliyekuwa ameketi kando juu ya gunia lake la maharage akisubiri wanunuzi, hakucheka. Alimwita yule mtoto kwa kidole, na kazi ikaanzia hapo.

Mtendeli iko Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kambi ilifunguliwa Januari 2016, baada ya kambi ya Nyarugusu kufurika Warundi waliokimbia machafuko ya 2015, na wenyeji hatukushangaa sana, maana miaka ya 1990 pia palikuwa na kambi papo hapo. Reli haifiki huku. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na kugusa maji ya Ziwa Tanganyika mwaka 1914, inapita mbali kusini kwetu: Nguruka, Malagarasi, Uvinza, kisha Kigoma. Mtu anaweza kuzaliwa Kakonko, akaoa, akazeeka na kuzikwa bila kusikia honi yake. Na upande wa pili wa mpaka ndiyo zaidi, kwa sababu Burundi haijawahi kuwa na reli hata ya kilometa moja. Lakini neno wanalo. Kirundi kinasema gariyamoshi, neno lililotembea kutoka pwani likapanda milima bila kusubiri mataruma. Yule mvulana alikuwa na jina la kitu kamili, akawa anakijengea mwili kwa kubahatisha. Alijua kuwa ni gari. Gari lina usukani. Kosa lake lilikuwa na akili kuliko kicheko changu.

Babu alikuwa akiijua treni kwa sababu aliwahi kuwa mzigo wake. Kabla ya Uhuru, vijana wa Kiha walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge, na walioandikishwa waliitwa manamba, kutokana na namba waliyopewa kila mmoja. Yeye alipelekwa kwa lori hadi Kigoma, akapanda garimoshi, akashushwa Kimamba, kule Kilosa. Alirudi na blanketi, baiskeli, na treni nzima kichwani. Tulipokuwa wadogo alitutengenezea ya mabua ya mtama, mwiba ukiwa msumari, na alipoivuta alitoa mdomoni sauti ya injini ya mvuke ikipanda mlima kwa taabu. Baadaye nilikuja kusafiri kwa treni ya dizeli kwenda Tabora na nikasikitika kidogo: haikusema kama babu.

Lakini mwaka ule wa 2016 mikono yake ilikuwa imekwisha. Vidole vilikuwa vimekakamaa, havikuweza tena kukunja waya wala kushika plaizi. Nadhani ndiyo maana alikuwa mwalimu mzuri namna ile. Mimi, mwenye mikono mizima, ningemnyang'anya mtoto kopo, nikamtengenezea behewa zuri, nikamrudishia kwa fahari. Babu hakuwa na uwezo wa kunyang'anya. Kila alichotaka kifanyike ilibidi kipitie kwenye vidole vya mwingine.

Walizungumza, yeye Kiha na mtoto Kirundi, lugha mbili zinazoelewana kama mtu na binamu yake. "Sogokuru," yaani babu, mtoto aliita, na babu akaitika kama aliyezoea. Hakumwambia kwamba usukani ni makosa. Alimwomba ageuze behewa la tatu chali, akamwuliza limefungwaje na la pili. Lilikuwa limefungwa kwa waya mmoja mgumu, uliokazwa huku na huku. Babu akachukua mkono wangu wa kushoto na mkono wa mtoto, akatushikisha viwiko kwa nguvu. "Tembeeni." Tukatembea. "Kateni kona." Tukagongana. Akatuamuru tushikane kwa kidole kimoja tu, kilichokunjwa kama ndoano. Safari hiyo tukapita kona vizuri, mwalimu na mkimbizi, sokoni, watu wakitutazama.

Mtoto alikuwa amekwisha kuchuchumaa akikunja ndoano.

Jambo la pili lilikuwa magurudumu, na hilo lilichukua siku za soko kadhaa. Magurudumu ya malori ya watoto hukatwa kwenye soli ya ndala iliyokufa, hutobolewa katikati kwa msumari wa moto, kisha huvikwa kwenye waya, kila moja likizunguka peke yake. Kwa lori inatosha. Babu alikumbuka kwamba gurudumu la treni lina mdomo upande wa ndani, ule unaolizuia lisidondoke kwenye reli, na kwamba magurudumu mawili na chuma kinachoyaunganisha ni kitu kimoja. Likizunguka moja limezunguka la pili. Alikuwa ameyaona yakibingirishwa kwenye karakana, na hakusahau. Basi likatafutwa duara dogo la ndala kwa nje, duara kubwa kidogo la bati kwa ndani, na waya ukakunjwa ncha ili uyabane yote yasizunguke ovyo. Reli zilikuwa fito mbili zilizobanduliwa maganda, zikafungwa kwa kamba za gunia juu ya vijiti. Upana ulipimwa kwa kiganja cha mtoto mwenyewe, na hiyo ndiyo geji rasmi ya Mtendeli.

Miaka baadaye nilisoma kile ambacho babu hakukijua, kwamba uso wa gurudumu la treni si bapa. Umelala kidogo, kama chini ya kikombe. Treni inapoingia kwenye kona, ekseli husogea upande wa nje, gurudumu la nje likawa linakanyagia sehemu yake pana na la ndani sehemu yake nyembamba. Kwa kuwa yamefungwa pamoja, moja hula njia ndefu kuliko mwenzake na ekseli inajigeuza yenyewe. Ule mdomo wa ndani ni mlinzi tu wa dharura. Hilo ndilo lingekuwa jibu la swali la mtoto, na nilifurahi sana kulipata, nikiwa nimechelewa mno kumpa.

Lakini hakulihitaji. Siku treni ilipowekwa juu ya fito aliikimbiza kwa usukani wake kama kawaida, na kwenye kona akahisi kwamba usukani unabishana na reli. Akaulegeza. Treni ikakata kona yenyewe. Akairudisha nyuma, akaisukuma tena mikono ikiwa wazi. Hakumtazama babu wala mimi. Aliketi chini, akaukata ule waya mrefu kwa plaizi, akampa mtoto wa kike wa miaka minane au tisa aliyekuwa amesimama karibu siku zote hizo, kazi yake ikiwa kushika ncha za waya wakati wengine wanakunja. Msichana akaenda kutengeneza lori.

Kuna watu duniani wanaoifanya kazi hii kuwa burudani ya maisha yao yote. Wana reli ndogo kwenye vyumba vya chini ya nyumba, taa, vituo, abiria wenye urefu wa nusu kidole. Kipimo kinachotumiwa sana ni kimoja kwa themanini na saba. Kwa kipimo hicho reli yetu ya meta moja huwa milimita 12. Nilipojua hivyo nilifanya hesabu ya kipuuzi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilometa 1,250 na ushee. Zigawe kwa 87, zinabaki kilometa 14 na kidogo. Yaani hata ukiifanya treni iwe ya kukaa mkononi, Kigoma bado iko mwendo wa saa tatu kwa miguu. Hakuna chumba cha kuienea. Ndiyo maana mafundi wa kazi hiyo hutumia muda mwingi wakijifunza kuacha: stesheni ipi ibaki, mlima upi ufutwe, kona ipi ikunjwe mara mbili ili sebule ionekane nchi.

Babu alikuwa bingwa wa kuacha. Katika reli yake kulikuwa na stesheni mbili tu, Malagarasi na Tabora. Malagarasi kwa sababu ya mto na daraja, Tabora kwa sababu, alisema, ndipo alipogundua kwamba yuko mbali kiasi cha kutoweza kurudi kwa miguu. Dodoma, Morogoro, hata Kimamba kwenyewe, vyote vilitupwa. Mvulana naye alipoelewa kwamba ana ruhusa ya kuchagua, alichagua behewa la maji. Alilitundika mara tu baada ya kichwa, kopo refu lenye mfuniko, akalijaza kweli. Mtendeli maji yalikuwa shida ya kila siku. Madumu yalipangwa foleni kabla ya watu kuamka. Nilidhani babu atasahihisha. Akatikisa kichwa kwa kukubali: garimoshi lake lilikuwa likinywa maji kuliko ng'ombe, likisimama njiani kwa ajili hiyo tu.

Kwenye burudani hiyo ya treni ndogo kuna aina ya mzee anayetaniwa kwamba anahesabu ribiti. Hukaribia treni uliyoitolea jasho mwaka mzima, akainama, akakuambia kwamba behewa la aina ile lilikuwa na safu saba za ribiti, siyo sita. Hakosei. Na mgeni harudi tena. Kicheko changu cha sokoni kilikuwa ni kuhesabu ribiti. Kwa upande mwingine simwamini pia mwalimu asemaye kila kitu ni kizuri. Behewa la tatu lilikuwa linaanguka, na mtoto alijua linaanguka. Klabu ya treni ndogo ya wanafunzi wa MIT kule Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa na desturi ninayoipenda: mgeni alipewa ufunguo wa chumba akishatimiza saa 40 za kazi. Hakuulizwa anajua nini. Chini ya meza ya reli yao, iliyojaa nyaya na swichi, ndipo walipotokea baadhi ya vijana wa kwanza waliochezea kompyuta usiku kucha. Kwa babu hapakuwa na mlango wala ufunguo, ila ngazi zilikuwepo: kwanza unashika, kisha unakunja, plaizi ni ya mwisho. Msichana yule alishika ncha za waya majuma mengi, na mimi, nikiwa na haraka zangu za kialimu, niliona anaonewa. Kumbe alikuwa anajifunza kwa viganja. Aliyeshika waya wakati unakunjwa anajua unapokaribia kukatika kabla haujakatika.

Mvulana alitusimulia jinsi walivyofika. Walivuka mpaka wakakwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakatolewa pale na meli. Meli hiyo ilikuwa Liemba, iliyowabeba watu wa Kagunga hadi Kigoma Mei 2015, na sijui kama aliyeipanda anapaswa kujua kwamba alisafiri ndani ya kitu kilichokuja kwa vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaungwa kwa muda, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000. Ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha kwa reli ile ile hadi Kigoma. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili wa Papenburg waliiunga upya wakiwa na vibarua ambao hawakuwahi kuona meli ya namna ile. Ribiti kwa ribiti, yaani kwa maelfu, na hapo kuzihesabu kulikuwa na maana. Ikaelea Februari 1915, ikiwa na jina la Graf von Goetzen.

Sehemu ninayoirudia kichwani ni ya Julai 1916. Ilikuwa vita, Wajerumani walikuwa wanaondoka Kigoma na waliamriwa kuizamisha. Mafundi walioiunga walitii, ila kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene. Hawakujua nani angeiibua. Kwa vyovyote wasingekuwa wao, na huenda angekuwa adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaisafisha, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Nikifikiria kurithisha ufundi kwa mgeni, siku hizi huona ile grisi kabla ya kuona darasa. Unamwachia mtu usiyemjua jambo katika hali ambayo ataliweza.

Kambini jambo hilo halikuwa nadharia. Mtaalamu wa nchi tulivu anaweza kumlea mwanafunzi miaka kumi. Mtendeli, kuanzia Septemba 2017, misafara ya kurejea Burundi kwa hiari ilianza kutoka makambini, na kila familia ilikuwa ikipima: tubaki, tujiandikishe. Fundi wa malori ya waya aliyekuwa hodari kuliko wote juma hili angeweza juma lijalo kuwa Ruyigi au Muyinga. Kwa hiyo hakuna aliyekaa na siri. Aliyejifunza kutoboa ndala kwa msumari wa moto mwezi wa tatu alikuwa akimfundisha mwingine mwezi wa tano, na makosa yake yote yakirithiwa pamoja na ujuzi. Ukitazama malori ya kipindi hicho ungeweza kusema hili limetoka shule ipi: kulikuwa na ukoo mzima wa malori yenye tairi la mbele la kushoto lililopinda, kwa sababu mtu mmoja, zamani za miezi minane, alikuwa na plaizi mbovu.

Soko la pamoja lilipofungwa hatukuweza tena kuonana kila juma. Mara ya mwisho niliyomwona mvulana alikuwa amekuwa mrefu, sauti imeanza kuvunjika, na jina la familia yake limeshaandikwa. Treni haikuwa mikononi mwake. Ilikuwa mbele ya msichana, imefunguliwa yote, ekseli huku, ndoano kule, na alikuwa akiiunga upya. Alikuwa amekosea: ameweka mdomo wa bati upande wa nje. Mvulana aliliona hilo, nikaona analiona. Alikuwa ameketi chini, na viganja vyake viwili ameviweka chini ya mapaja, amevikalia kwa uzito wake wote. Treni ikawekwa kwenye fito, ikashuka. Msichana akaigeuza. Akaitazama muda mrefu sana, kwa vipimo vyangu mimi. Kisha akaanza kulibandua gurudumu la kwanza, na yule kaka alikuwa bado amekalia viganja.

Alipojifunza hilo sijui, maana babu hakukalia viganja. Mikono yake ilimtosha kuwa kizuizi.

Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021, waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta, kule Kibondo. Babu alikuwa ameshatangulia mwaka mmoja kabla. Mabanda yalibomolewa, na ukipita sasa utaona migomba na mistari ya misingi ardhini. Fito hazidumu hata masika moja. Wakati huo huo reli yenyewe inasogea. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro juu ya geji mpya ya milimita 1,435, na mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, ndani ya Burundi. Ikikamilika, gariyamoshi litapata mwili kule ambako lilikuwa jina tu, na yule mvulana, ambaye sasa ni kijana wa miaka ishirini na ushee, anaweza kuwa mmoja wa watakaosimama kandoni kulitazama likipita. Kakonko itaendelea kuisikia habari yake.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alikuja na makopo mawili na picha ya treni ya umeme aliyoiona kwenye simu ya mama yake. Anataka ile yenye mdomo uliochongoka. Ameshaanza: ameunganisha makopo kwa waya mmoja mgumu, uliokazwa huku na huku.

"Mwalimu, mbona inaanguka?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu, mojawapo likihusu uso wa gurudumu uliolala kama chini ya kikombe. Nikaketi kwenye kizingiti, nikaingiza viganja chini ya mapaja, nikamwambia aikimbize tena nione.